Masta ya Kompyuta: Namna ya Kuchagua Mchepuo

Mchepuo wa masta ya kompyuta ni tawi moja la elimu hiyo ambalo mwanafunzi hulisomea kwa kina baada ya shahada ya kwanza. Katika shahada ya kwanza hupitishwa karibu kila mahali: kuandika programu, hifadhidata, mitandao, hisabati, na namna kompyuta yenyewe ilivyoundwa. Masta humtaka aache mengi ashike moja. Hilo atakalolishika huamua masomo atakayofundishwa, mwalimu atakayemsimamia, tasnifu atakayoiandika na, mara nyingi, kazi ya kwanza atakayoiomba.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uamuzi huu umeongezeka uzito tangu vyuo vilipoingia katika mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na doktora. Sheria ya msingi ya elimu ya Februari 2014 iliuweka mfumo huo, na utekelezaji wake ukaenea vyuoni kuanzia mwaka wa masomo wa 2021-2022. Zamani mwanafunzi alisoma gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Sasa lisansi ni miaka 3 yenye krediti 180, na masta ni miaka 2 yenye krediti 120. Matokeo yake ni kwamba mwenye lisansi ya zamani amekaa chuoni miaka 5, na mwenye lisansi mpya miaka 3, ingawa vyeti vyao vina jina moja. Anayeomba masta katika nchi jirani hana budi kuambatisha orodha kamili ya masomo na ya miaka aliyosoma, la sivyo ofisi ya udahili inaweza kumpanga ngazi isiyo yake.

Kwa msomi wa Kamanyola, katika Kivu Kusini, suala hili lina sura yake. Mji huo uko kwenye Barabara ya Taifa namba 5, kati ya Bukavu na Uvira. Ng'ambo ya Mto Ruzizi ni Bugarama ya Rwanda, na kusini kidogo, Mto Ruhwa unapoingia Ruzizi, nchi tatu hukutana: Kongo, Rwanda na Burundi. Vyuo vya Bukavu, Uvira, Bujumbura na Kigali vyote viko upande mmoja au mwingine wa mji huo. Tena eneo lenyewe lina mabwawa ya umeme, mashamba ya mpunga na mihogo, masoko ya mpakani, na Ziwa Tanganyika linalofurika. Kila kimoja kati ya hivyo kina kazi inayomhitaji mtaalamu wa kompyuta, lakini si mtaalamu wa aina moja.

Michepuo ilivyogawanyika

Mwaka 2020 jumuiya mbili kubwa za kimataifa za fani hii, ACM na IEEE, zilitoa mwongozo wa mitaala uliotaja makundi saba: sayansi ya kompyuta, uhandisi wa kompyuta, uhandisi wa programu, mifumo ya habari, teknolojia ya habari, usalama wa mtandao, na sayansi ya data. Mwongozo wa 2005 ulikuwa na makundi matano tu. Usalama na data vilikuwa vimekua hadi vikastahili kusimama peke yavyo. Vyuo havifuati majina hayo neno kwa neno, kwa hiyo ni busara kusoma orodha ya masomo kabla ya kuliamini jina la mchepuo.

Uhandisi wa programu ndio mchepuo unaodhaniwa kueleweka kuliko yote, na pengine ndio usioeleweka zaidi. Kuandika programu hujifunzwa katika shahada ya kwanza. Masta hufundisha jinsi ya kuijenga programu kubwa itakayoandikwa na watu wengi, itakayotumika miaka mingi, na itakayorekebishwa bila kuvunjika. Mwanafunzi hujifunza kukusanya mahitaji ya watumiaji, kuchora muundo, kupima makosa na kuongoza timu. Soko la Kamanyola linatosha kuonyesha ugumu wake. Humo huzunguka dola za Marekani, faranga za Kongo, za Rwanda na za Burundi. Programu ya duka inayojua sarafu moja tu haina kazi huko. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Kongo mwaka 2012, ililazimika kumwekea mteja wa Kongo akaunti ya dola na ya faranga katika namba moja ya simu. Anayependa kazi ya aina hii, yenye subira na mpangilio, ndiye anayefaa mchepuo huu.

Mitandao na mifumo hushughulikia njia ambazo data hupita na mashine zinazoihifadhi: nyaya za fiba, minara ya simu, ruta, seva na huduma za wingu. Msingi wake ni mifumo endeshi, itifaki za mawasiliano na fizikia kidogo ya mawimbi. Kivu ina kazi nyingi ya namna hii, kwa sababu milima huzuia mawimbi, umeme hukatika, na karibu na mpaka simu inaweza kushika mnara wa nchi jirani. Mei 2025 Kongo iliipa kampuni ya Starlink leseni ya kutoa intaneti ya setilaiti, na hilo linaongeza swali jingine kwa watafiti: ni wapi setilaiti inafaa kuliko mnara, na kwa gharama gani? Hata hivyo, anayetaka tu kujua kupanga ruta anaweza kutoshwa na kozi ya miezi michache yenye cheti cha Cisco. Masta ni ya anayetaka kubuni mtandao mzima, kuupima, na kueleza kwa nini umeelemewa.

Usalama wa mtandao husimama juu ya mambo matatu: siri isivuje, taarifa isibadilishwe na asiye na ruhusa, na huduma ipatikane inapohitajika. Mwanafunzi husoma kriptografia, ambayo imejaa nadharia ya namba, pamoja na uchunguzi wa uhalifu wa kompyuta na sheria. Umuhimu wake ulionekana wazi mwaka 2025. Miji ya Goma na Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mnamo Januari na Februari, mabenki yalifungwa, na pesa za simu zikawa tegemeo kuu la watu kutumiana fedha. Katika hali kama hiyo, anayeibiwa namba ya siri hana tawi la benki la kukimbilia. Upande wa sheria nao umepanuka. Kongo ilitunga Sheria ya Dijitali tarehe 13 Machi 2023, inayogusa taarifa binafsi na uhalifu wa mtandaoni. Kenya na Uganda zilikuwa na sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Rwanda tangu 2021, na Tanzania tangu 2022. Shirika linalofanya kazi pande mbili za Ruzizi hulazimika kutii sheria mbili, na mtu anayezielewa pamoja na ufundi wenyewe si rahisi kumpata.

Sayansi ya data na akili bandia ndio mchepuo unaovuta waombaji wengi kwa sasa, na ndio unaowaangusha wengi wasiojiandaa. Kiini chake ni hisabati: takwimu, nadharia ya uwezekano, aljebra mstari na kalkulasi. Asiyekuwa na msingi huo hubaki kunakili programu za wengine bila kujua kwa nini zimekosea. Kwa mwenye msingi, Afrika Mashariki imekwisha kutoa mifano mizuri. Maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere ilikusanya nchini Uganda picha 21,367 za majani ya mihogo, yenye afya na yenye magonjwa, ili kuifundisha kompyuta kutambua ugonjwa. Programu ya Nuru ya mradi wa PlantVillage humwezesha mkulima kuupima muhogo kwa simu bila intaneti, na inazungumza Kiswahili. Mihogo ya Ruzizi nayo huugua batobato. Tena kuna kazi ya lugha. Kiswahili kinachozungumzwa Kivu, chenye Kifaransa ndani yake, kina maandishi na sauti chache sana zilizokusanywa kwa ajili ya kompyuta, hivyo mashine zilizofundishwa Kiswahili cha vitabu hutatizika kukielewa. Hapo kuna tasnifu nyingi ambazo bado hazijaandikwa.

Mifumo ya habari ni mchepuo ulio kati ya kompyuta na uongozi. Mwanafunzi husoma namna taasisi inavyokusanya taarifa, inavyozitumia kuamua, na kwa nini mfumo uliogharimu pesa nyingi huachwa baada ya mwaka mmoja. Hesabu zake ni nyepesi zaidi, lakini hudai uwezo wa kuandika, kuhoji watu na kusimamia miradi. Mashirika ya misaada na idara za serikali huko Uvira na Bukavu huajiri watu wa aina hii. Wizara ya afya ya Kongo hutumia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, na mashirika mengi hukusanya takwimu kwa KoBoToolbox. Katika mji kama Uvira, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, takwimu ikichelewa wiki moja wagonjwa huongezeka kabla ya dawa kufika. Mwalimu, muuguzi au mhasibu anayetaka kuingia katika kompyuta bila kuacha kabisa fani yake ya kwanza huona mlango hapa.

Mifumo pachikwa na intaneti ya vitu huunganisha kompyuta na vifaa: vihisi, pampu, mita za umeme, mashine za kiwandani. Huhitaji elektroniki na ustadi wa mikono, pamoja na lugha za programu zinazozungumza na maunzi moja kwa moja, kama C. Bonde la Ruzizi lina mahitaji ya wazi. Bwawa la Ruzizi ya 2, lililoanza kazi mwaka 1989, hugawia umeme Kongo, Rwanda na Burundi, na Ruzizi ya 3 imepangwa kutoa megawati 206. Karibu na Bugarama kuna kiwanda cha saruji cha CIMERWA. Mabwawa na viwanda vya aina hiyo huongozwa kwa vihisi na mitambo inayojidhibiti. Upande wa mashamba, kihisi cha bei nafuu kinachopima maji katika mfereji wa mpunga ni mradi ambao mwanafunzi anaweza kuukamilisha katika miaka miwili.

Kuna pia mchepuo unaopakana na kompyuta, nao ni mifumo ya taarifa za kijiografia, yaani kutengeneza na kuchambua ramani kwa kompyuta. Aprili 2020 Mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba, na katika miaka iliyofuata maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda hadi kumeza mitaa ya ufukweni. Picha za setilaiti za Landsat na Sentinel hutolewa bure, na programu ya QGIS pia ni ya bure. Mtu anayejua kuzitumia anaweza kuonyesha ni mtaa upi usijengwe tena.

Vyuo vya kuvifikia

Ndani ya Kongo, Bukavu ina Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu na vyuo vingine. Goma ina vyake, Lubumbashi ina Chuo cha Juu cha Informatiki cha Salama, na Kinshasa ina idara kongwe ya hisabati na informatiki katika Chuo Kikuu cha Kinshasa (UNIKIN). Si kila chuo kina kibali cha kutoa masta katika kila mchepuo, na kuulizia kibali hicho ni hatua ya kwanza.

Rwanda ina vituo vilivyobobea. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kilianza kupokea wanafunzi wa masta Kigali mwaka 2012, na hufundisha teknolojia ya habari, uhandisi wa umeme na kompyuta, na uhandisi wa akili bandia. Baadhi ya wanafunzi wake hufadhiliwa na Mastercard Foundation. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha intaneti ya vitu na kituo cha sayansi ya data. Arusha, Tanzania, Taasisi ya Nelson Mandela hutoa masta ya mifumo pachikwa na ya simu. Dodoma, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala nazo zina vitivo vikubwa vya kompyuta.

Kongo ilipata kuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na tangu 2017 jumuiya hiyo imetangaza eneo moja la elimu ya juu, chini ya Baraza la Vyuo Vikuu lenye makao yake Kampala. Lengo ni mwanafunzi wa nchi moja atambuliwe vyeti vyake katika nyingine. Pamoja na hayo, mipaka haitabiriki. Burundi iliufunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, na mtu wa Uvira aliyezoea kupitia Bujumbura kwenda Kigali akalazimika kutafuta njia nyingine. Anayepanga kusoma ng'ambo ahesabu pia wiki ambazo huenda asiweze kurudi nyumbani.

Mizani ya uchaguzi

Kigezo cha kwanza ni msingi alionao mwombaji. Alama za shahada ya kwanza husema ukweli kuliko matamanio. Aliyefaulu hisabati na kuipenda ana nafasi katika data au kriptografia. Aliyeng'ara katika miradi ya vikundi atafaa uhandisi wa programu. Aliyekuwa akifungua redio na kuzitengeneza tangu utotoni asiidharau elektroniki. Msingi mbovu unaweza kurekebishwa, lakini urekebishwe kabla ya masta kuanza, kwa sababu mihula minne ni michache na wa mwisho huliwa wote na tasnifu.

Kigezo cha pili ni watu na vifaa vya idara. Mchepuo ulio katika kijitabu cha chuo unaweza kuwa na mhadhiri mmoja tu, tena anayesafiri. Maswali ya kuuliza ni rahisi: ni wahadhiri wangapi wenye doktora katika mchepuo huu? Tasnifu za miaka miwili iliyopita zilihusu nini, na wangapi walizimaliza kwa wakati? Maabara ina kompyuta zinazofanya kazi, intaneti na umeme wa akiba? Akili bandia hudai kadi zenye nguvu za kukokotoa, na intaneti ya vitu hudai vihisi na vipande vya elektroniki. Pasipo vifaa hivyo mwanafunzi husoma ubaoni tu. Uhandisi wa programu, mifumo ya habari na ramani za kijiografia vinaweza kusomwa vizuri kwa kompyuta ndogo ya kawaida, jambo lenye uzito mahali ambapo umeme ni wa zamu.

Kigezo cha tatu ni aina ya masta. Nyingine ni za utafiti, nazo humwandaa mwanafunzi kwa doktora na ualimu wa chuo. Nyingine ni za kitaaluma, zenye masomo mengi na mafunzo ya kazi. Anayetaka kufundisha chuoni Uvira achague ya kwanza. Anayetaka ajira katika kampuni ya simu, ya pili. Kukosea hapa hugharimu kuliko kukosea jina la mchepuo, kwa sababu doktora nyingi humtaka mwombaji awe ameandika tasnifu ya utafiti.

Kigezo cha nne ni lugha na gharama. Kongo na Burundi hufundisha kwa Kifaransa. Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania hufundisha masta za kompyuta kwa Kiingereza, na baadhi ya vyuo hudai mtihani wa lugha hiyo. Juu ya minervali, yaani ada ya masomo, kuna pango, usafiri, viza ya masomo, kompyuta na data ya intaneti. Ufadhili mara nyingi hufungwa na mchepuo: shirika la afya humlipia anayesoma takwimu za afya, si anayesoma michezo ya kompyuta.

Kigezo cha mwisho ni kazi. Matangazo ya ajira ya Bukavu, Uvira, Bujumbura na Kigali yakisomwa kwa miezi kadhaa huonyesha wazi ni ujuzi gani unaotafutwa na kwa mshahara gani. Mwombaji asijitazame kama mwajiriwa tu. Mji usio na kampuni za kompyuta unaweza kuwa na vyama vya ushirika, hospitali, shule na wafanyabiashara wa mpakani ambao wangelipia huduma hiyo kama mtu angeijua shida yao.

Kwa jumla, mchepuo bora ni ule ambao mwanafunzi ana msingi wake, idara ina mwalimu na vifaa vyake, na eneo atakaloishi lina shida inayoungoja. Kimoja kikikosekana, kinaweza kutafutwa. Viwili vikikosekana, ni heri kungoja mwaka mmoja, kuimarisha hisabati au lugha, na kuomba upya. Kabla ya kulipa minervali, mwombaji aandike kwa sentensi mbili tatizo analotaka kulitatua katika tasnifu yake, kisha ampelekee mhadhiri mmoja wa mchepuo huo na mtu mmoja anayefanya kazi hiyo kila siku. Majibu yao yatamfaa kuliko jina lolote la mchepuo linalovuma.